Kejeli na Shoti ya Laini Kuu

Jioni ya leo nataka tuzungumzie kejeli za wataalamu. Si matusi ya mashabiki wa Simba na Yanga, hayo yana wenyewe na wakati mwingine ndiyo burudani yenyewe. Nazungumzia maneno makali anayorushiwa mtu aliyeuliza jambo la kazi: fundi simu, fundi wa umeme wa jua, mwandishi wa programu, karani anayehangaika na hesabu za Excel. Ameingia kwenye grupu la wenzake, ameuliza, na jibu limekuja limefungwa pamoja na kofi. Afanyeje?

Nitaanzia mbali kidogo, Ulaya, kwa sababu ugomvi mashuhuri kuliko wote wa aina hii ulitokea huko, na maandishi yake yamehifadhiwa mpaka leo.

Tarehe 29 Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, aliwaandikia watumiaji wa MINIX. MINIX ni mfumo endeshi mdogo wa kompyuta aliouandika yeye mwenyewe, ukatoka mwaka 1987, ili wanafunzi waone mfumo unavyofanya kazi ndani. Kichwa cha ujumbe wake kilitosha kuwasha moto: Linux imepitwa na wakati. Linux yenyewe wakati huo ilikuwa na umri wa miezi tu. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 22, ambaye sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata katika kitabu cha profesa huyohuyo. Profesa alisema kujenga kiini cha mfumo kama programu moja kubwa ni kurudi miaka ya 1970, na kwamba si busara kuufunga mfumo kwenye prosesa ya aina moja, ile 386 ya Intel. Katika majibizano yaliyofuata akaongeza chumvi: kijana ashukuru hakuwa mwanafunzi wake, maana kwa muundo ule asingepata alama nzuri.

Kijana alijibu siku hiyohiyo, tena usiku. Hakuchagua maneno. Aliziita kasoro za MINIX kwa majina yasiyofaa mezani, akadhihaki udhuru wa profesa kwamba MINIX kwake ni kazi ya pembeni tu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Msomaji mmoja hakuingia uwanjani kumshangilia yeyote. Alimwandikia Torvalds pembeni, barua ya kirafiki, akamwambia kwamba mambo hayafanywi hivyo. Haikupita hata wiki, Torvalds akajitokeza hadharani, akamwomba profesa radhi, akakubali kwamba amevuka mpaka, akamshukuru aliyemwonya, akasema anamwandikia profesa barua binafsi ya maneno yaliyopoa. Na mjadala haukufa. Uliendelea kwa siku kadhaa, wengine wakaingia, wakabishana juu ya viini, juu ya prosesa, juu ya nani anaruhusiwa kunakili nini. Hakuna aliyeacha msimamo wake. Profesa mpaka leo hajabadili mawazo kuhusu muundo.

Lakini mwaka 2004 mtafiti mmoja wa taasisi ya Washington alimfuata Tanenbaum mpaka Amsterdam, akitafuta ushahidi kwamba Torvalds hakuiandika Linux mwenyewe, kwamba aliinyofoa kutoka MINIX. Bila shaka alidhani amempata shahidi mwenye kinyongo cha miaka 12. Tanenbaum akamkatalia, kisha akaandika kwa ulimwengu wote kwamba kijana yule alifanya kazi yake kwa mikono yake. Hakumsifia muundo. Alisema tu ukweli. Ndivyo yalivyo matunda ya ugomvi uliogombwa vizuri: miaka 12 baadaye mpinzani wako ndiye anayekutetea.

Usiniulize nani alishinda. Simu ya Android uliyonayo mkononi, kama ni Android, inaendeshwa na kiini cha Linux. Upande wa pili, mwaka 2017 ilifahamika kwamba Intel ilikuwa imeiweka MINIX ndani ya chipu zake, katika sehemu ambayo mwenye kompyuta haioni, na profesa akawaandikia Intel barua ya wazi akiwaambia kwamba wangemjulisha japo kwa adabu. Kwa hiyo wote wawili wameingia nyumbani kwako bila kubisha hodi.

Turudi kwenye kofi. Kwa nini jambo la kitaalamu, lenye volti na ampea, jambo ambalo mita inaweza kulimaliza, huwa na hasira nyingi kiasi hiki?

Sababu ya kwanza unaisikia sasa hivi. Mimi ninapokwambia "wewe nawe!", unasikia sauti yangu, unajua nacheka. Liandike neno hilohilo, litume saa tano usiku kwa mtu aliyechoka, halafu ungoje. Jambo hili lilijulikana mapema mno. Mwaka 1982 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wanasayansi wa kompyuta walikuwa wakiulizana kwa mzaha kuhusu lifti inayoanguka, ndani yake kuna mshumaa na tone la zebaki. Mmoja akaandika onyo la utani kwamba lifti fulani ya chuo imechafuliwa na zebaki. Wapo walioamini. Wakaanza kutafuta alama ya kuonyesha kwamba haya ni mzaha, na tarehe 19 Septemba mwaka huo Scott Fahlman akapendekeza nukta pacha, kistari na mabano: uso unaocheka ukiulaza ubavu. Huyo ndiye babu wa vikatuni vyote vya manjano tunavyotumiana leo. Kumbuka hao walikuwa watu wa idara moja, wanaokutana kwenye korido hiyohiyo, na bado hawakuelewana.

Mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani, Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili. Waliwapa watu sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli. Wengine walizituma kwa barua pepe, wengine walizitamka kwa sauti. Waandishi wa barua pepe walikuwa na imani kubwa kwamba msomaji ataelewa ipi ni ipi. Waliosikia sauti walielewa kwa sehemu kubwa. Waliosoma barua pepe walikuwa karibu sawa na mtu anayerusha sarafu. Na kinachonifurahisha, au kunitisha, ni kwamba wasomaji hao nao walikuwa na uhakika kwamba wamepatia.

Kwetu kuna la ziada. Mswahili hufungua mazungumzo kwa salamu, na salamu ndiyo inayotuambia tunazungumza na nani. Shikamoo inapanda, marahaba inashuka, kila mtu anajua alipokaa. Kwenye grupu la mafundi lenye watu mia tatu humjui mkubwa. Kuna namba ya simu tu, na picha ya wasifu ambayo ni ya gari. Kijana wa miaka 20 anamwita "we dogo" mzee aliyeanza kutengeneza redio za betri kabla baba wa kijana hajaoa. Mzee anawaka, kijana hajui kwa nini. Halafu grupu likiwa la Afrika Mashariki nzima mambo yanazidi. Fundi wa Nairobi akiandika "leta skimatiki ya hiyo simu", kwake hilo ni ombi la kawaida kabisa. Fundi wa Tanga, aliyelelewa na "naomba" na "samahani kidogo", anasoma amri. Na wa Tanga naye akizunguka mistari sita kabla ya kufika kwenye swali, wa Nairobi anaandika: "Sema shida yako." Hapo hakuna aliyetukana, lakini wameshachukiana.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya kumjibu mtu, ni kusoma jibu lake kwa sauti ya mtu unayempenda. Nasema kweli. Chukua yale maneno makavu, yasome kwa sauti ya mjomba wako mwenye maneno machache. Kama yanasomeka, basi huenda hakuna ugomvi. Mtu anayejibu "Pima kwanza" si lazima awe anakudharau. Pengine ameshika bisibisi mkono mmoja na simu mkono mwingine.

Lakini yapo ambayo hayasomeki hata kwa sauti ya mjomba. Tufanye mfano. Huu ni mfano wangu, usimtafute mhusika. Kijana ana kibanda chake cha simu. Ameletewa simu haiwaki. Anaandika kwenye grupu: "Wakuu, simu haiwaki, nikiunga pawa saplai kabla sijabonyeza kitufe inakula umeme, tatizo nini?" Jibu la kwanza linakuja: "Nyie makanjanja mnaharibu kazi. Hujabonyeza kitufe inakula umeme halafu unauliza? Hiyo ni shoti ya laini kuu, hata mtoto wa chekechea anajua. Rudi kauze karanga."

Kijana ana njia tatu, na nimeona watu wakizipita zote. Anaweza kurudisha tusi: "Karanga ulianza kuuza wewe na ukoo wako." Grupu litachangamka, watu watatuma vikatuni vya kucheka, na simu ya mteja itaendelea kulala mezani. Anaweza kufuta swali lake akaondoka kimya, asirudi tena kuuliza. Hii ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu jibu lilikuwa ndani. Lisome tena. Mle ndani ya karanga na chekechea kuna maneno sita ya thamani: hiyo ni shoti ya laini kuu. Ni utambuzi sahihi. Simu inayovuta umeme kabla ya kubonyezwa kitufe, mara nyingi kuna kitu kwenye laini kuu kimegusana na nega, na mara nyingi ni kapasita. Yule mzee mkali ametoa bure kitu ambacho mtu angelipia.

Njia ya tatu, basi, ni kufanya alichofanya mama yako na ungo wa mchele: mawe pembeni, mchele chunguni. Kijana anaandika: "Asante mkuu. Kwa hiyo ni laini kuu. Nianze kupima kapasita za upande gani, au nipitishe umeme kidogo nitafute inayopata moto?" Angalia alichofanya. Amechukua la kazi, ameonyesha kwamba ameelewa, na ameuliza swali linalofuata, tena zuri kuliko la kwanza. Tusi hakuligusa. Hakusema "hata kama umenitukana, asante", maana huko ni kulitupia tusi kuni kwa mkono wa adabu. Na mzee mkali sasa yuko mahali pagumu. Akitukana tena, grupu zima litaona anamtukana mtu anayefanya kazi. Wengi hulegea hapohapo. Si kwa sababu wamekuwa wema ghafla. Fundi wa kweli hawezi kuliacha swali zuri likipita bila kulijibu.

Na kuna sababu nyingine ya kujibu hivyo. Aliyekutukana si msomaji wako mkuu. Kati ya wale mia tatu, walioandika ni wanne. Waliobaki wanasoma tu, na miongoni mwao kuna mwenye simu kama yako mezani, anaona aibu kuuliza. Na yuko atakayetafuta maneno hayohayo mwakani. Unamwandikia huyo. Ukiandika kwa ajili ya huyo, hasira inakosa pa kukaa.

Sasa ngoja nikueleze jambo moja la wahandisi wa intaneti ninalolipenda. Mwezi Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za mtandaoni. Uliingia katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi ambamo wahandisi hueleza jinsi mitambo ya intaneti inavyozungumza, ukapewa namba 1855. Humo mna shauri kwamba jibu lenye hasira lingoje usiku upite kabla halijatumwa. Mna shauri pia kwamba usitume maneno ya moto hata ukichokozwa, usishangae ukitumiwa, na ni busara kutoyajibu. Lakini kanuni iliyosimama juu ya mashauri haya ilikuwa imetoka kwa mashine. Mwaka 1980, Jon Postel, akiandika taratibu za TCP, yaani jinsi kompyuta zinavyotumiana taarifa, aliweka sharti kwamba mashine iwe makini sana katika inachotuma, na iwe na mkono mpana katika inachopokea. Kompyuta ikipokea taarifa yenye kasoro ndogo, lakini maana yake inaeleweka, isiikatae. Iifanyie kazi. Ila yenyewe ikituma, itume sawasawa. Miaka 15 baadaye, Hambridge aliichukua sheria ya waya akawapa binadamu.

Mimi naona hakukosea. Sisi hufanya kinyume chake. Tunatuma tunavyojisikia, na tunapokea kwa darubini, tukihesabu kila nukta iliyokosekana.

Shauri la kungoja usiku upite linatufaa zaidi leo kuliko mwaka 1995. Wakati ule barua ilikukuta kwenye kompyuta, ofisini. Leo inakukuta kitandani, inakukuta kwenye daladala umesimama, jasho linakutoka, na kidole gumba kiko tayari. Wenye ujuzi wanaandika jibu lao la hasira mahali pengine kabisa, kwenye daftari la simu, pasipo na kitufe cha kutuma. Asubuhi wanalisoma. Mara nyingi wanabakiza mstari mmoja.

Na tusijifanye kwamba mambo haya tunafundishwa na Marekani. Pwani yetu ina utamaduni mzima wa kugombana kwa maandishi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ina uadui wa damu. Karne iliyofuata washairi wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar walilumbana kwenye kurasa za magazeti, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa moja ya viwanja vyao. Watu waliumbuana humo, msidanganyike. Lakini tazama masharti ya mchezo. Mwenzako amekuchapa kwa shairi la mizani 16 kila mstari, vina vya kati na vina vya mwisho. Ukitaka kumjibu, unaingia bahari hiyohiyo. Huwezi kumjibu kwa sekunde kumi. Unakaa, unahesabu, unatafuta kina kinachokubali, unagundua kwamba tusi lako la kwanza halina kina, unalitupa. Unatafuta hoja, maana hoja ina maneno mengi zaidi ya kuchagua. Ubeti ukikamilika, hasira imekwisha kupoa na kimebaki kile ulichotaka kusema. Tena ukiboronga mizani, ulichekwa wewe, si mpinzani wako, hata kama ulikuwa na haki. Mpinzani mkali alikulazimisha kuwa fundi bora. Sisemi magrupu ya mafundi simu yajibizane kwa tarbia, ingawa ningelipia kulisoma hilo grupu.

Sasa nifike mahali pagumu. Kuna watu watakaoniambia: mtangazaji, unawafundisha wanyonge kuvumilia. Mkali aachwe awe mkali kwa sababu anajua kazi, na sisi tuchambue mchele wake maisha yetu yote?

Swali ni la haki. Turudi kwa yule kijana wa Helsinki, maana alikua, akawa bosi. Linux ikawa na maelfu ya wachangiaji, na Torvalds, aliyeomba radhi mwaka 1992, akajulikana kwa ukali wa barua zake kuliko mtu yeyote katika fani hiyo. Desemba 2012 alimwandikia msimamizi mmoja wa sehemu ya mfumo kwa herufi kubwa, akimwamuru anyamaze kwa neno nisiloweza kulitamka hapa redioni. Kanuni aliyokuwa anaitetea ilikuwa safi kabisa: mabadiliko ndani ya kiini yasiharibu programu ambazo watu tayari wanazitumia, na yakiharibu, kosa ni la kiini, si la mwenye programu. Mpaka leo wahandisi wanaikariri kanuni hiyo. Kwa hiyo mashabiki wa ukali wana ushahidi wao.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Julai 2013, Sage Sharp, mhandisi aliyekuwa Intel wakati huo, alimwambia Torvalds waziwazi kwamba lugha hiyo haikubaliki kazini. Akajibiwa kwamba ndiyo hulka ya mtu na ndiyo njia ya kuwa mkweli. Mwaka 2015 Sharp alieleza kwamba ameacha kazi ya kiini cha Linux, na sababu ilikuwa namna watu wanavyosemeshana. Huyo tunamjua kwa sababu aliandika. Walioondoka kimya hawana orodha. Kisha tarehe 16 Septemba 2018, katikati ya tangazo la kawaida la toleo la majaribio, Torvalds mwenyewe akaandika kwamba ameelewa sasa kwamba barua zake ziliwaumiza watu, na pengine kuwafukuza wengine kabisa. Akaomba radhi, akapumzika, na toleo namba 4.19 likamaliziwa na msaidizi wake, Greg Kroah-Hartman. Siku hizohizo mradi ukapata kanuni mpya za mwenendo. Alirudi Oktoba. Aliwahi hata kuwaambia BBC kwamba huenda akaweka chujio kwenye barua pepe zake, ili yenye matusi isitoke. Linux haikuanguka kwa kukosa matusi. Ile kanuni ya kutoharibu programu za watu bado inatekelezwa, na inatekelezwa kwa maneno yanayoweza kusomwa redioni.

Kwa hiyo kumchambulia mkali mchele wake ni ufundi wa mwenye swali, ili asikose jibu. Haumpi mkali haki ya kutia mawe. Hilo ni suala la grupu na msimamizi wake. Na hapa nina neno kwa wasimamizi, au maadmini kama mnavyojiita. Wengi wenu mnafanya moja kati ya mambo mawili: mnanyamaza mpaka grupu linawaka, au mnamtoa mtu hadharani na kuandika "haya nani mwingine". Ya pili inapendeza kwa dakika moja. Yule msomaji wa mwaka 1992 alifanya kilicho kigumu zaidi: alimfuata mtu pembeni, faragha, kirafiki. Mtu akionywa mbele ya watu mia tatu atatetea uso wake. Akionywa peke yake, ana nafasi ya kujirudi bila kushuka. Mzee mkali wa grupu la simu, ukimpigia na kumwambia "mzee, wale vijana wanakutegemea, lakini wanakuogopa kuuliza", mara nyingi utakuta hakuwa anajua. Anadhani anatania.

Wenye maswali nao wasijifiche nyuma ya kijana wangu wa mfano, maana yule aliuliza vizuri. Alisema ameunga nini, ameona nini. Magrupu yamejaa picha ya simu iliyopigwa gizani, chini yake neno moja: "Msaada." Mtu amejibu swali kama hilo kila siku kwa miaka, bila malipo, usiku baada ya kazi. Siku moja uzi unakatika. Simtetei, lakini ninamwelewa. Andika aina ya simu, ilianguka au iliingia maji, nani aliifungua kabla yako, mita inasomaje. Swali la namna hiyo hupunguza kejeli zaidi ya "tafadhali" kumi.

Na yapo yasiyo ya kuchambua kabisa. Mtu akikutishia, akitaja kabila lako au dini yako, akisambaza picha zako, hayo si maneno makali ya kazi, na hakuna mchele ndani yake. Piga skrinishoti, toka, ripoti. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni.

Limebaki dogo moja kuhusu ujumbe wa sauti. Wasikilizaji wengi wananiambia: kama tatizo ni maandishi kukosa sauti, si turekodi tu? Ni kweli, sauti inapoza. Nimesikia magomvi ya siku mbili yakiisha kwa ujumbe wa sauti wa nusu dakika, mtu anacheka, anasema "ndugu yangu, sikukusudia hivyo." Kwa kupatana, rekodi. Lakini kwa jibu la kazi, andika. Kwenye grupu ukitafuta maneno "shoti ya laini kuu", simu itakuletea yaliyoandikwa. Ujumbe wa sauti hautatokea, hata kama ndani yake mna jibu lote. Kwa hiyo kijana akishaipata ile kapasita na simu ikawaka, arudi aandike mstari mmoja: simu aina gani, shoti ilikuwa wapi, aliondoa nini. Amtaje na mzee kwamba ndiye aliyesema laini kuu.

Wiki ijayo tutakuwa na mafundi wawili wa umeme wa jua hapa studioni, mmoja wa Moshi na mmoja wa Kisumu, ambao hawakubaliani hata kidogo kuhusu betri za lithiamu. Tumewaomba waje na mita zao. Sasa hivi ni saa mbili kamili, nampisha msomaji wa habari.